Chombo Kinachomsikia Mmoja Tu

Wengi wenu mna vijana nyumbani, na vijana wa leo wanapenda michezo ya televizio. Labda nanyi mmekwisha kuitwa jioni moja: «Baba, njoo utazame, kitu hiki hakitaki.» Jambo hilo lilitupata sisi hapa Lubumbashi, na tulikosa vibaya. Tutawaeleza yote waziwazi, kosa letu pamoja na dawa yake, kusudi ninyi msikose kama sisi.

Katika nyumba ya dada yetu kuna kisanduku cha michezo kiitwacho PlayStation 4. Mwenyewe ni mtoto wake wa kwanza, ambaye amekwenda kusoma Kinshasa. Siku ya kuondoka alimwachia mdogo wake, kijana wa miaka 13, kile chombo cha kushika kwa mikono miwili, chenye vifungo na vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba. Vijana wetu hukiita maneti. Hakina waya. Alimwambia: «Kitunze. Nitakaporudi likizoni nitakitaka kizima.» Na mdogo wake alikitunza kweli, alikuwa akikifunga katika kitambaa kila baada ya kucheza.

Lakini jioni televizio ni ya wakubwa. Kwa hiyo kijana alitaka kuunga maneti yake na kompyuta iliyo katika chumba cha nyuma, acheze huko bila kusumbua mtu. Akatuita sisi, kwani tumefanya kazi ya ofisi miaka mingi, na watu wa nyumba hudhani kwamba tunajua mambo yote ya kompyuta. Sisi wenyewe tulidhani hivyo vilevile.

Jioni ya kwanza tulileta waya, tukaunga maneti na kompyuta. Taa ya maneti ikaanza kuwaka na kufifia polepole, rangi ya machungwa, lakini kompyuta ilikaa kimya. Tukasema: «Maneti hii imekufa.» Kijana akajibu kwa heshima: «Mjomba, inakula umeme. Basi haijafa.» Maneno yake yalikuwa ya akili, lakini hatukuyasikiliza. Kumbe kuna nyaya za namna mbili, na kwa nje zinafanana kabisa. Waya mzima una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za kupitisha habari. Waya mwingine, wa bei rahisi, una zile mbili za umeme tu. Waya wetu ulikuwa wa namna hiyo: ulilisha, lakini haukusema neno.

Jioni ya pili tulijaribu bila waya. Tukafinya kifungo cha katikati, chenye alama ya PS. Taa ikapepesa nyeupe, halafu ikatulia, rangi ya buluu. Tukafurahi. Lakini kompyuta haikuona kitu. Tukafinya vifungo vyote, tukasukuma vijiti huku na huku, bure. Basi tukamgeukia kijana: «Uliiangusha.» Akasema: «Hapana, mjomba.» Tukasema tena: «Kuvunja ni bahati mbaya, lakini kusema uongo ni kosa.» Tukamwita mama yake, tukarudia maneno hayo mbele yake. Mama akaamua kwamba kesho yake mkubwa wake aandikiwe habari ya mambo hayo. Kijana hakulia. Alifunga maneti katika kitambaa chake, akaiweka mezani mbele yetu, akaenda kulala bila kula.

Jioni ya tatu, barua ikiwa haijaandikwa bado, tulijaribu mara ya mwisho. Sasa bibi yake, ambaye alikuwa ameketi peke yake katika chumba cha mbele, akaita: «Ninyi huko nyuma! Kila jioni mkianza kazi yenu, kisanduku hiki kinalia pip na kuwasha taa. Nani anakiwasha?»

Tulikwenda kutazama. Televizio ilikuwa imezimwa, lakini kisanduku cha PlayStation chini yake kilikuwa kimeamka, taa yake inawaka. Mara moja tukaelewa. Maneti haikuvunjika hata kidogo. Ilikuwa ikisikia na kutii vizuri sana, lakini ilimtii bwana wake wa zamani, ng'ambo ya ukuta. Kila tulipofinya kifungo cha PS ilikwenda kumwamsha yeye, nasi tulikuwa tunaikasirikia kwa ajili ya uaminifu wake!

Tueleze sasa jinsi kazi hii inavyokwenda. Maneti za PlayStation 4, zilizotoka mwaka 2013, husema na mashini kwa njia ya redio iitwayo Bluetooth. Njia hiyo ilianza kutengenezwa na wafanyakazi wa Ericsson, kule Sweden, mwaka 1994. Jina lake ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyepewa jina la Jino la Buluu. Yeye aliunganisha nchi yake, na jiwe alilolisimamisha mahali paitwapo Jelling linasema kwamba aliwafanya watu wa Denmark kuwa Wakristo. Wenye kutengeneza redio hiyo walichagua jina lake kwa sababu nao walitaka kuunganisha vyombo vya makampuni mbalimbali.

Redio hiyo haikai mahali pamoja. Inaruka kati ya njia 79, mara 1,600 katika sekunde moja, kusudi isigongane na redio nyingine za jirani. Je, vyombo viwili vinawezaje kuruka pamoja bila kupotezana? Ni kwa sababu kimoja kinafuata saa ya mwenzake. Wakati wa kuungwa mara ya kwanza vinajulishana, na tangu siku hiyo vinakumbukana. Lakini maneti hii ina kumbukumbu ndogo: inamkumbuka bwana mmoja tu, yule wa mwisho.

Basi dawa ni hii. Kwanza, zimeni kisanduku kabisa, hata kuondoa waya wake wa umeme. Pili, maneti iwe imezimika. Tatu, fungueni katika kompyuta mahali pa kuongeza chombo kipya cha Bluetooth. Kama kompyuta ni ya zamani na haina redio hiyo, kuna kidude kidogo cha USB cha kuichomekea. Nne, finyeni vifungo viwili pamoja, kile cha PS na kile kidogo kilichoandikwa SHARE, bila kuachilia, mpaka taa ipepese upesi upesi. Kupepesa huko ni kama kusema: «Natafuta bwana mpya.» Kompyuta itaonyesha jina «Wireless Controller». Chagueni hilo, na kazi imekwisha. Maneti ikikataa kabisa, nyuma yake kuna kitundu. Ingizeni ncha ya pini, mfinye sekunde chache, kisha mwanze upya.

Maneti za Xbox zina desturi nyingine. Zile za Xbox 360 zisizo na waya hazijui Bluetooth. Zinataka kipokezi chao cha kuchomeka katika kompyuta. Zile za kwanza za Xbox One, za mwaka 2013, hazina Bluetooth vilevile. Ilianza kutiwa mwaka 2016. Kwa hiyo tazameni kwanza mnacho chombo gani, kabla ya kutoa fedha kwa fundi.

Sisi tulipokwisha kuunga, kompyuta iliiona maneti, lakini mchezo haukuitika. Safari hii hatukumtazama kijana. Tulitafuta sababu, tukaipata: michezo mingi ya Windows ilitungwa kusikia lugha ya maneti za Xbox, na maneti ya PlayStation inasema lugha yake. Inahitaji mkalimani. Programu ya Steam, ambamo vijana hununua michezo, inafanya kazi hiyo ya ukalimani tangu mwaka 2016. Tulipoiwezesha, mtu mdogo wa mchezo alianza kukimbia juu ya kioo cha kompyuta.

Kijana alicheka. Lakini sisi tulikuwa na kazi nyingine iliyobaki, nayo ilikuwa ngumu kuliko ya vifungo. Tulikuwa tumemwita mwongo mbele ya mama yake. Basi haikufaa kumwomba msamaha pembeni. Tukawaita mama na bibi, tukasema mbele yao: «Mtoto huyu alisema kweli siku zote tatu. Sisi ndio tuliokosa. Tusamehe, mwanetu.» Wako wazee wanaodhani kwamba kumwomba mtoto msamaha kunapunguza heshima. Tumeona kinyume chake. Hasira ni hasara, na hasara hii ilikuwa karibu kuangukia jina la mtoto, si maneti tu.

Kijana aliinamisha kichwa, akasema: «Haidhuru, mjomba.» Kisha akauliza neno ambalo sisi hatukulifikiri: «Sasa yaya akirudi, maneti itamkataa yeye?»

Lilikuwa swali la haki. Ndiyo, kifungo cha PS sasa kitaita kompyuta, na kisanduku hakitasikia. Kurudisha ni rahisi: kuunga maneti na kisanduku kwa waya mzima, ule wenye nyuzi nne, na kufinya kifungo cha PS mara moja. Tulimwambia hivyo. Akachukua karatasi, akaandika maneno hayo kwa mkono wake, akaikunja ndani ya kitambaa pamoja na maneti. Juu yake aliandika: «Yaya, si mbovu. Imesahau tu. Ikumbushe.»