Orodha ya Waliochanga

Ukisema hapa chuoni kwamba umetoka India, hakuna anayekuuliza hali ya hewa. Swali ni moja: "Umetuletea nini?" Nimeulizwa na wenzangu wa chumbani, nimeulizwa na mlinzi wa getini, nimeulizwa hadi na dada wa kantini. Naandika hapa niwajibu wote kwa mkupuo, na pia kwa sababu najua wengi wetu tuna wagonjwa nyumbani. Ipo siku utapewa pasipoti na kuambiwa kuwa wewe ndo msindikizaji.

Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo jijini Delhi mwaka 2024. Tulikaa huko wiki sita. Safari hiyo ilichangwa na ndugu, majirani na wanakikoba wenzake, na daftari la michango nililishika mimi. Lilikuwa na majina 31. Kuna mjomba aliyetoa laki tano, na kuna mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu aliyetoa elfu mbili, akaileta mwenyewe mkononi. Baada ya kulipa hospitali na kutenga hela ya chakula na usafiri, tulibakiwa na rupia 12,000. Wakati ule rupia moja ilikuwa kama shilingi 30, kwa hiyo weka laki tatu na sitini.

Mimi nilitaka hela yote irudi nyumbani. Daktari alishasema mama atahitaji mazoezi ya viungo kwa miezi mitatu, na mazoezi hayo hulipiwa. Mama akakataa katakata. "Mwanangu, hawa watu ndo wamenisimamisha. Nitashukaje kwenye ndege mikono mitupu?" Nikachukua kalamu: 12,000 gawanya kwa 31 ni rupia 387 kwa mtu, na hapo mazoezi yamepata sifuri. Halafu kulikuwa na suala la mizigo. Tiketi zetu mbili ziliruhusu kilo 46, na nguo, dawa, mafaili na mkanda wa mgongo wa mama vilishakula sehemu kubwa.

Basi nikaingia sokoni nikiwa na masharti matatu: kiwe rahisi, kiwe chepesi, na mama akikubali kupitia simu ya video, maana yeye alikuwa hawezi kutembea umbali ule.

Nilianza Sarojini Nagar, soko la nguo la kusini mwa Delhi. Mwanachuo aliyezoea mitumba ya Karume hatapotea pale. Tofauti ni kwamba nguo nyingi ni mpya, zile zilizobaki au kukataliwa viwandani, zilizoshonwa kwa ajili ya kuuzwa nje. Zinamwagwa mafungu mafungu, muuzaji anasimama juu ya kiti anapiga kelele bei moja kwa fungu zima. Kwenye fungu la bei ya kutangazwa hakuna majadiliano, chagua ulipe. Ila ukigusa nguo iliyotundikwa, bei inatoka mdomoni mwa muuzaji baada ya kukuangalia vizuri. Blauzi niliyotajiwa rupia 600 niliona dada wa Kihindi akiichukua kwa 250 nikiwa bado nimesimama palepale.

Mama mmoja wa Tanga, tuliyekuwa naye nyumba ya wageni akimuuguza mumewe, alikuwa na miezi mitatu Delhi. Ndiye aliyenipa somo. "Mwanangu, usiulize bei ya kitu ambacho hujajua wenzio wanakinunuaje. Zunguka kwanza. Na mwite bhaiya, yaani kaka. Ukishamwita kaka, hata akikupiga atakupiga kwa huruma." Akanifundisha pia siku: Sarojini Nagar hufungwa Jumatatu, na mji wa zamani maduka mengi hufungwa Jumapili.

Lugha haikunitisha kama nilivyodhani. Duka kwao ni dukan, rangi ni rang, kalamu ni kalam, laki ni lakh, na ukitosheka unasema bas. Ukijua na namba hadi mia, unaweza kubishana bila kamusi. Malipo ndo yalinisumbua. Wenyeji hulipa kwa kuskani msimbo kwa simu, hata kwa muuza mahindi, kama sisi na lipa namba. Mgeni asiye na akaunti ya kule anatembea na noti ndogondogo, na chenji inatafutwa duka la tatu.

Alhamisi nikapanda metro hadi Chandni Chowk. Huo ni mtaa uliobuniwa mwaka 1650 na binti mfalme Jahanara, mtoto wa Shah Jahan, yule aliyejenga Taj Mahal. Jina lake linahusu mbalamwezi. Unaanzia mbele ya Ngome Nyekundu na kuishia msikiti wa Fatehpuri, na mchana magari hayaruhusiwi, ni miguu na riksho za baiskeli. Ukiuangalia mtaa wenyewe utadhani ndo soko, kumbe soko liko vichochoroni. Kila kichochoro kina kazi yake: Dariba Kalan ni fedha na vito, Kinari Bazaar ni mapambo ya harusi, Nai Sarak ni vitabu vya shule, Katra Neel ni vitambaa. Kama hujui kichochoro, utanunua kwa wa barabarani ambaye naye amenunua kichochoroni.

Mwisho wa mtaa ndo kuna Khari Baoli, soko la jumla la viungo. Pilipili inakuwasha koo kabla hujaiona, na kila mtu anakohoa, hadi wachukuzi wenye magunia kichwani. Nikakuta karafuu, nikakuta korosho. Nikacheka peke yangu. India hununua karafuu na korosho ghafi kutoka kwetu, na mimi nilikuwa karibu kuzirudisha Tanzania kama zawadi ya kutoka ng'ambo. Nikaachana nazo, nikachukua lozi, pakiti 11 za robo kilo kwa ajili ya wanaume wa kwenye orodha. Kila pakiti rupia 200, jumla 2,200.

Wanawake 20 walibaki. Katra Neel nikapata mitandio ya pamba kwa bei ya jumla, rupia 120 mmoja, ila muuzaji hakutaka kuvunja dazeni. Nikampigia mama, nikamwonyesha rangi moja moja. Nikamuuliza pia kilichokuwa kinaniuma: hivi mjomba wa laki tano apate sawa na mama wa vitumbua? Akanyamaza kidogo. "Zawadi si risiti. Ukianza kupima, huyo wa elfu mbili ndo utakuta alitoa kikubwa kuliko wote. Wape sawa." Nikachukua dazeni mbili, rupia 2,880. Minne ya ziada ikawa akiba ya wale waliosaidia bila kuandikwa daftarini. Na kweli walikuwepo.

Jambo moja la kule natamani tungekuwa nalo. Bidhaa za pakiti, kuanzia sabuni hadi dawa, huchapwa bei ya juu kabisa, wanaiita MRP, na kodi imo ndani. Muuzaji haruhusiwi kuizidi. Mgonjwa na msindikizaji wake, wageni wasiojua chochote, wanaisoma bei wenyewe kwenye boksi. Kuna duka la dawa lililotupunguzia hata chini ya hapo, kwa sababu tu mama wa Tanga alinituma niulize.

Jumapili ya mwisho nilijipa mimi. Karibu na Delhi Gate kuna soko la vitabu vilivyotumika la kila Jumapili, ambalo mwaka 2019 lilihamishwa kutoka barabarani Daryaganj likawekwa kwenye uwanja wa Mahila Haat. Wauzaji wengine hupima vitabu kwa kilo kama viazi. Nilichukua kilo tatu za vitabu vya kufundishia hesabu kwa rupia 600. Viko chumbani, njooni muazime, hiyo ndo zawadi yenu.

Hesabu ilifunga hivi: kati ya rupia 12,000 nilitumia 5,680. Zilizobaki, 6,320, zilikuwa karibu laki moja na tisini, na zote zilikwenda kwenye mazoezi ya mama. Sasa anatembea hadi sokoni na kurudi. Ule wa vitumbua aliuvaa mtandio wake Jumapili ya kwanza, na mjomba alimaliza lozi zake sebuleni kwetu kabla hajaaga.