KAMBA YA BI ZAYNAB NA MTIHANI WA KIDATO CHA SITA



Himdi zote anastahiki Allah, rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Leo nazungumza na wewe kijana wa kidato cha sita unayeingia kwenye mtihani wa NECTA mwezi Mei, na nazungumza na mzazi wako. Uwe Tanga mjini, Pangani, Muheza au Mkinga, uwe wa bweni au wa kutwa, maneno haya ni yako.

Mambo yenu ya miezi hii tunayajua. Prepo imekwisha, taa zimezimwa, wewe umewasha tochi ndani ya chandarua. Mwenzako yuko chumbani kwao Ngamiani, miguu ameitia kwenye beseni la maji asisinzie, kahawa chungu iko pembeni. Saa nane usiku mnasoma ukurasa uleule mara ya nne. Ikiadhiniwa Alfajiri ndipo usingizi unawachukua. Swala inapita, darasani mnalala juu ya dawati, na watu wanawasifu kwamba mnapiga msuli.

Sasa sikiliza. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bi Zaynab, akichoka kwa kuswali huishikilia. Akaamrisha ifunguliwe, akaelekeza kwamba mtu aswali akiwa na nguvu, na akichoka akae. (Bukhari na Muslim)

Zingatia, ndugu yangu. Kamba ile ilifungwa kwa ajili ya swala, na mwenye kuishika ni mama wa waumini. Hata hivyo ilifunguliwa. Je, beseni lako la maji lina daraja gani mbele ya kamba ile?

Na katika hadithi ya Bi Aisha, Mtume (s.a.w.) ameelekeza kwamba anayesinzia ndani ya swala alale kwanza, kwa sababu huenda akakusudia kuomba maghfira akajikuta anajiapiza. Sababu hiyo ishike vizuri. Akili ikishaondoka, hata ibada haifanyiki sawasawa, seuze hesabu za fizikia! Ulichokisoma ukiwa unasinzia umekipitia tu, hukukisoma. Na ukilala, ubongo ndipo unapoyapanga na kuyahifadhi yale ya mchana. Allah katika Suratun-Nabaa ameutaja usingizi miongoni mwa neema zake, kwamba ni mapumziko yetu. Usiufanye adui.

Atasema mtu, "Sheikh, unawafundisha watoto uvivu." Hasha! Mtu ambaye hajafungua madaftari tangu kidato cha tano, kisha Ijumaa anaomba aombewe dua, huyo hana tawakkul, ana uzembe. Lakini masomo ya miaka 2 hayalipwi kwa wiki 3 za kukesha.

Basi fanya hivi. Ukishaswali Isha, soma mpaka saa tatu na nusu, kisha simu mpe mama na ulale. Amka saa kumi na nusu, swali rakaa zako mbili, fungua daftari. Baada ya Alfajiri endelea, kwani Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake. Joto la Tanga adhuhuri unalijua: swali, kisha lala kailula dakika 20. Baada ya Alasiri toka nje, tembea hata mpaka Raskazone upate upepo wa bahari, au cheza mpira. Na ule chakula. Usiingie chumba cha mtihani na chai ya rangi peke yake tumboni.

Baba, mama, sasa nanyi. Najua mnampenda. Lakini kila mkikaa kula, "Ukifeli umetuaibisha." Kila akipita, "Mtoto wa jirani kapata Divisheni One." Mtoto anabeba mtihani, na juu yake anabeba jina la ukoo mzima. Ukimwona hali, halali, anatetemeka, amejitenga, au anasema bora afe, usimwambie ana uvivu au imani yake ni ndogo. Mkalishe chini umsikilize. Kisomo asomewe, na hospitali apelekwe siku hiyohiyo, Bombo iko hapohapo mjini. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na kumwona daktari hakupunguzi tawakkul.

Nawe kijana, ukiona kifua kimebana na mawazo yamekuzidi, usinyamaze. Mwambie mama, mwalimu, shangazi, au imamu wa msikiti wenu. Mwili wako ni amana, nao una haki juu yako. Mtihani unaweza kurudiwa ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Wewe huna wa kukurudia. Na rizki yako aliiandika Allah kabla NECTA haijakuwepo.

Usiku wa leo, fungua kamba. Lala kwa nia ya kuamka kumwabudu Mola wako na kutafuta elimu, na usingizi huo utaandikiwa thawabu, inshaAllah.

Ewe Allah, wafungulie watoto wetu vifua vyao, wape elimu yenye manufaa, uwahifadhi miili na akili zao, na uwape wazazi wao subira na ulimi mwema. Aamiin.

Mfikishie kijana wa kidato cha sita unayemjua, na mzazi wake. Wallahu aalam.