Kabla ya kununua pinyo mpya, hesabu kwanza vitesi



Hapa kwetu katika bonde la Ruzizi, kinga ndiyo gari ya mtu asiye na gari. Simama asubuhi kwenye barabara ya kitaifa nambari 5, kati ya Luvungi, Sange, Kiliba na Uvira, uhesabu zinazopita. Utaona makala, mihogo, bidoni za mawese, na mara nyingine mgonjwa ameketi nyuma akishikiliwa na ndugu yake. Kuna familia zilizoshuka kutoka milima ya Bijombo kwa sababu ya vita, na kuna zile ambazo mto Mulongwe ulibomoa nyumba zao mwezi wa Aprili 2020. Ninajua baadhi yao ambao pesa ya kwanza waliyoipata walinunua sufuria, na ya pili walinunua kinga.

Leo nataka tuongee juu ya kitu kidogo kinachokula pesa ya watu hao kimyakimya: pinyo za nyuma.

Kinga tulizozizoea tangu utoto zina pinyo moja tu. Lakini sokoni zinaingia pia kinga zilizotumika Ulaya, na hizo zina vitesi. Kwenye tambarare ya Ruzizi unaweza kuishi bila vitesi. Lakini mwenye kupanda Ngomo kuelekea Nyangezi na mzigo nyuma anajua thamani yake. Shida inaanza siku meno ya pinyo yanapokwisha na mtu anakwenda kutafuta zingine.

Jirani yangu mmoja, baba wa watoto sita, aliyekimbia vita na sasa anauza unga, ilimpata hivyo. Kinga yake ilikuwa na vitesi nane. Pinyo zilikwisha, akangoja zamu yake ya likelemba, akapata pesa, akaenda kununua. Muuzaji akamwonyesha kasete inayong'aa, yenye pinyo tisa, akamwambia: « Zote ni sawa, na hii ina moja zaidi. » Waliijaribu kwenye gurudumu, ikaingia vizuri kabisa. Akalipa.

Siku ya pili, njiani, shene ikaanza kuruka. Akibonyeza manete ipande pinyo moja, inapanda mbili au inabaki katikati ikipiga kelele. Mwishowe iliruka akiwa amesimama juu ya pedali na mzigo wa unga. Alianguka, mfuko ukapasuka, na goti likavimba. Kwa wiki mbili hakufanya kazi. Wiki mbili kwa nyumba ya watu wanane si jambo dogo.

Nilikwenda naye kwa fundi, mzee anayetengeneza kinga tangu sijazaliwa. Aliangalia dakika moja tu, akasema neno ambalo nimelishika: « Mwanangu, kuingia siyo kuelewana. »

Akatufafanulia. Katikati ya gurudumu la nyuma kuna bomba lenye mifereji, ambapo kasete inavishwa. Kwa kinga nyingi zenye vifaa vya Shimano, bomba la vitesi 8, 9 na 10 lina urefu mmoja. Ndiyo maana kasete ya tisa iliingia bila ubishi. Lakini ili pinyo tisa zikae mahali pa nane, zinasongamana. Kwenye kasete ya nane, kutoka pinyo moja mpaka nyingine ni milimita 4,8. Kwenye ya tisa ni karibu milimita 4,34. Kwenye ya kumi ni karibu 3,95.

Manete haijui tumebadilisha nini nyuma. Ile ya vitesi nane, kila inapolia « tak », inavuta kable kwa kipimo cha nane. Kwa hiyo deraya inapitiliza karibu nusu milimita kila mara. Ukibonyeza mara moja hutaona kitu. Ukibonyeza mara nne, umepitiliza karibu milimita mbili, na shene haijui tena ikae wapi. Hapo ndipo inaruka, na mara nyingi inaruka wakati unakanyaga kwa nguvu zote.

Na shene yenyewe ina upana wake. Ile ya vitesi nane ina upana wa milimita 7 na kitu kidogo. Ya tisa ni karibu 6,6. Ya kumi ni karibu 5,9. Ukiweka shene pana kwenye pinyo zilizosongamana, inasugua pinyo ya jirani. Ile ya kinga zetu za pinyo moja ni pana zaidi kwa ndani, haifai kabisa kwenye vitesi.

Basi jirani alikuwa na njia tatu. Ya kwanza: arudishe kasete na kuchukua ya nane. Muuzaji alikataa. Ya pili: abaki na ile ya tisa, lakini anunue manete ya tisa na shene ya tisa. Deraya yake ingebaki, maana zile za Shimano za vitesi 7, 8 na 9 zinavutwa kwa kipimo kimoja. Ya tatu ndiyo iliyomwokoa: fundi alikuwa na manete ya zamani, ile isiyolia « tak », unayoisukuma mwenyewe polepole mpaka shene inyamaze. Hiyo haina hesabu ndani yake. Wewe mwenyewe ndiye hesabu, na inakubaliana na kasete yoyote. Akaongeza shene ya tisa, na kinga ikarudi barabarani. Lakini deni alilochukua kwa ajili ya shene alilipa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nimewauliza mafundi wengine, na haya ndiyo niliyoyakusanya kwa ajili yenu.

Kwanza, angalia pinyo zako zinafungwaje. Kuna zile zinazovishwa kwenye mifereji, yaani kasete. Na kuna zile za rulibre zinazozungushwa kama kifuniko cha chupa, zilizo kwenye kinga nyingi za bei ndogo zenye vitesi 5, 6 au 7. Hizi mbili hazibadilishani bila kubadilisha gurudumu.

Pili, hesabu pinyo za nyuma, kisha hesabu nafasi za manete. Idadi lazima iwe moja. Pinyo za mbele usizichanganye humo. Mtu akikuambia kinga ina vitesi 21, maana yake ni tatu mbele na saba nyuma. Wewe unatafuta saba.

Tatu, jua urefu wa bomba. Bomba la zamani la vitesi saba ni fupi, kasete ya nane au tisa haikazi humo. Lakini kasete ya saba inaweza kukaa kwenye bomba la nane ukitanguliza pete ya milimita 4,5. Kasete ya 11 ya kinga za mashindano inataka bomba refu zaidi kwa milimita 1,85. Usiibebe nyumbani ukitumaini fundi atafanya muujiza.

Nne, angalia majina. Manete ya SRAM na deraya ya Shimano mara nyingi hazielewani, kwa sababu kila moja ina kipimo chake cha kuvuta kable.

Tano, angalia pinyo kubwa kuliko zote. Kama ya zamani ilikuwa na meno 28 na mpya ina 34, deraya fupi inaweza kugusana nayo.

Mwisho, usibadilishe shene peke yake kama pinyo zimekwisha. Shene mpya juu ya meno yaliyochakaa inaruka vilevile. Ukibadilisha shene mapema, kabla haijarefuka sana, kasete moja inaweza kuvaa shene kadhaa.

Kwa ndugu wauzaji, nina ombi. Andikeni idadi ya vitesi kwenye kila kasete na kila shene, hata kwa kalamu tu. Na mtu akirudi siku ya pili na kifaa kisafi ambacho hakielewani na kinga yake, mbadilishieni. Mteja huyo atarudi, na ataleta wengine.

Kwa familia zilizohama, ambazo kinga moja inalisha nyumba nzima: msiende sokoni mikono mitupu. Bebeni pinyo za zamani na kipande cha shene, au sukumeni kinga yenyewe mpaka mbele ya duka. Hesabuni mbele ya muuzaji, kwa sauti. Na akikuharakisha ulipe kabla hujamaliza kuhesabu, mwachie bidhaa yake.