Kidoti Kilichoganda Sinza

Wanawake wenzangu, na nyie akina kaka mnaosoma kurasa hizi kwa kuibia, leo nawapa aibu yangu mwenyewe. Usiku wa kutimiza miaka 6 ya ndoa yetu niliumalizia mlangoni mwa gesti moja ya Sinza, nimevaa gauni jipya na viatu vya visigino virefu, namuuliza dada wa mapokezi kama mume wangu yumo ndani.

Ilikuwa hivi. Mume wangu ni afisa mauzo, kutwa yuko juani anazungukia maduka ya Dar es Salaam. Siku hiyo tulikubaliana tukutane saa 1 usiku kwenye mgahawa mmoja Mikocheni. Saa 8 mchana nilimwomba anitumie lokesheni ya moja kwa moja kwenye WhatsApp, ile inayodumu saa 8. Akatuma bila kinyongo. Saa 1 ikafika, hayupo. Napiga simu, haipatikani. Nafungua ramani, nakuta kidoti chake kimetulia tuli Sinza, ubavuni mwa gesti. Saa 1 na nusu, kipo palepale. Saa 2 kasorobo, hakijasogea hata kidogo.

Mwenzangu, moyo uliniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikaita bajaji.

Dada wa mapokezi alinitazama kwa huruma, akasema mtu wa namna hiyo hajamwona. Sikumwamini. Nilisimama nje zaidi ya saa nzima nikiwakagua waliotoka. Hakutoka. Saa 4 nikawa nimefika nyumbani, hotuba yangu imeshakamilika kichwani.

Saa 4 na nusu akaingia, shati limelowa jasho, simu mkononi imezima. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza kwa upole, "Mke wangu, ulikwenda wapi? Nimekaa pale mgahawani toka saa 2 na robo. Mhudumu kaniambia umeondoka na bajaji, nikajua umetoka mara moja, utarudi."

Niliishiwa maneno. Kumbe Sinza alipita saa 9 alasiri kupeleka oda kwenye duka linalotazamana na ile gesti. Hapo hapo bando likamwishia bila yeye kujua, akaendelea na safari yake hadi Bunju. Huko simu ilipofika asilimia 15 ikajiweka kwenye hali ya kuokoa betri, na ilipofika asilimia 9 ikazima ghafla akiwa katikati ya kutafuta njia. Nikafungua simu yangu tena. Chini ya jina lake kwenye ramani kulikuwa na maandishi madogo yakisema taarifa ile ni ya saa kadhaa zilizopita. Yalikuwepo muda wote. Sikuyasoma.

Subirini nimalizie, maana aibu bado. Simu ile ilikuwa yangu. Mwaka 2021 nilinunua mpya, ile ya zamani nikamrithisha huku nikimwambia, "Hii bado nzima kabisa." Nzima wapi! Niliibadilisha kwa sababu ramani ilikuwa inachelewa na chaji haikai. Miaka yote hiyo mwenzangu alitembea na pawabenki mfukoni na hakuwahi kunilalamikia.

Jumamosi tukaenda wote Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kwa fundi simu. Akaigeuza mara mbili, akavua kava. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umenyanyuka kidogo. "Dada, betri imevimba hii. Msiilalie, msiichaji tena." Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama viatu.

Wakati betri inabadilishwa nikamuuliza fundi kwa nini ramani ilikuwa inachelewa hata chaji ikiwa imejaa. Akanipa somo ambalo sijalisahau. Simu, alisema, haiongei na setelaiti; inasikiliza tu. Setelaiti za GPS ziko zaidi ya 30, umbali wa takriban kilomita 20,200 juu yetu, na simu inahitaji kuzisikia angalau 4 ili ijue ilipo. Kila setelaiti inatangaza mahali ilipo, lakini kwa mwendo wa kobe. Kusikiliza taarifa ya setelaiti moja kunachukua sekunde kama 30 ikiwa anga liko wazi, na orodha ya setelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Ndiyo maana simu huchota taarifa hizo kwa njia ya mkato kupitia intaneti. Bando likiisha, GPS haifi, ila inarudi kwenye ule mwendo wa kobe. Ukiwa ndani ya daladala au chini ya maghorofa ya Posta, inakatwa katikati na kuanza upya. Simu mpya zina nafuu kwa kuwa zinasikia pia setelaiti za Urusi, Ulaya na China, na kuanzia mwaka 2018 baadhi yake zinasikiliza masafa mawili badala ya moja. Simu kuukuu nyingi hazina masikio hayo.

Pale pale akatuonyesha makosa yetu moja baada ya jingine. Kava lilikuwa na bamba la chuma kwa ajili ya kushikia simu kwenye gari; chuma kinaziba mawimbi. Saa ya simu ilikuwa imewekwa kwa mkono na imepishana kwa dakika kadhaa. Akaiweka ijirekebishe yenyewe. Kwenye mipangilio ya lokesheni, ule msaada wa Wi-Fi na minara ya simu ulikuwa umezimwa, akauwasha. Programu 11 zilikuwa na ruhusa ya kufuatilia mahali alipo muda wote, hadi mchezo wa karata! Akaziwekea ruhusa ya wakati wa kutumia tu. Akatushauri tupakue ramani ya Dar nzima tukiwa kwenye Wi-Fi, ili njia ionekane hata bando likiisha. Na hali ya kuokoa betri izimwe kila unapotaka ramani ikuongoze, kwa sababu kwenye simu nyingi inabana GPS mara tu kioo kikizima. Ukitaka kuokoa chaji, punguza mwanga wa kioo, maana hicho ndicho mlaji mkubwa.

Kuhusu betri alikuwa mkali zaidi. Nyingi za simu za zamani zimetengenezwa kubaki na kama asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko 500 hivi. Kwa anayechaji kila siku, hiyo haifiki hata miaka 2. Joto ndilo linaloziua haraka, na mume wangu alikuwa anaiweka juu ya dashibodi, jua la mchana linaipiga huku inachaji. Betri ikishachoka, inaweza kuzima ghafla hata ikionyesha asilimia 10 au 20 zimebaki.

Tulilipa shilingi 40,000, betri na ufundi. Simu inakaa na chaji hadi usiku, na kidoti kinampata ndani ya sekunde chache. Nilitaka kumnunulia mpya, akakataa. Alisema hii imeshapona, tuongezee hela kwenye tofali za kiwanja.

Wapenzi mnaofuatana kwa ramani, siwaambii muache. Sisi hatujaacha. Lakini kabla hujavaa viatu vya kwenda kufumania, soma yale maandishi madogo. Kidoti hakikuambii mwenzio yuko wapi. Kinakuambia mahali simu yake ilipojua ilipo kwa mara ya mwisho, na simu ikiwa imezeeka, hujua kwa kuchelewa. Ukiona kimeganda, mpe mtu wako muda ule ule ambao ungeipa simu ya kuukuu itafute setelaiti zake.

Chakula cha maadhimisho tulikwenda kula wiki iliyofuata, mgahawa ule ule. Yule mhudumu aliponiona tu akacheka, "Shemeji, leo bajaji haipo?"