Magari Mawili na Swali Tusiloulizana



Sisi ni mume na mke, tumo katika mwaka wa kumi na nne wa ndoa yetu, na haya tumeyaandika pamoja, mezani, baada ya watoto kulala. Hakuna sentensi humu ambayo mmoja wetu ameikataa. Twalisema hilo mapema kwa kuwa kisa chenyewe ni cha watu wawili waliodhani wanashauriana, kumbe kila mmoja alikuwa akizungumza na nafsi yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Toyota yetu ndogo, iliyowapeleka watoto wote madrasa na skuli, ilikuwa imechoka. Tulihitaji gari jingine. Mume katika sisi hakutaka gari jingine tu. Alitaka gari alilolitamani tangu ubaroboro wake. Alikulia Mombasa miaka ya tisini, wakati vijana wa barazani walipogawanyika mafungu mawili kila Safari Rally ilipokaribia, hawa wa Subaru na wale wa Mitsubishi. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen alishinda kwa Mitsubishi. Mwaka 1997 Colin McRae akashinda kwa Subaru ya buluu. Mwaka 1998 Richard Burns akairudishia Mitsubishi heshima yake, kisha mwaka 2000 Burns huyo huyo akashinda akiwa na Subaru, na mwaka 2001 Mäkinen akatwaa tena kwa Mitsubishi. Mume angali anaihesabu miaka hiyo kwa vidole kama mtu anayesoma nasaba yake. Moyo wake ulikuwa kwa Subaru, tangu siku ya McRae.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri uliozidi miaka minane, na Mitsubishi waliacha kuunda Lancer Evolution mwaka 2016. Kwa hiyo tuliyatazama yale yaliyokwisha kuingia nchini. Yakapatikana mawili mjini: Subaru Impreza WRX STI na Mitsubishi Lancer Evolution ya toleo la kumi. Ni mahasimu waliokaribiana mno. Kila moja lina injini ya lita 2 yenye tabo, linavuta kwa magurudumu yote manne, na lina nguvu za farasi zipatazo 300. Bei zao nazo zilikaribiana, shilingi milioni 2 na laki kadhaa.

Mume alikuwa ameweka akiba ya shilingi milioni 1 na laki 6. Mke alikuwa na laki 8, fungu lake la mirathi ya marehemu babake. Twayataja haya kwa sababu ndipo kisa kilipo. Katika dini yetu mali ya mke ni ya mke. Mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake, na ridhaa ya mtu aliyeona haya kukataa ina walakini.

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mume aliweka simu mezani ikiwa na picha za magari yote mawili. Akasema, "Mke wangu, mimi si mume wa kuamua peke yangu. Haya mawili yatazame, uniambie wewe lipi." Alisema kwa moyo mweupe, na alijiona ametimiza wajibu wa shura.

Mke hakujibu usiku ule. Aliuliza fundi wetu, akauliza nduguze, akasoma. Baada ya siku nne akasema, "Bwana, nimechagua. Tununue Mitsubishi."

Mume hakulitarajia jibu hilo. Aliomba shauri akidhani ataambiwa lile alilokwisha kulipenda. Hapo ndipo yalipoanza majuma matatu ambayo nyumba yetu iligeuka baraza la mwaka 1997. Mke alisema Subaru lile lina gia za mkono, naye amejifunza gari la gia za kujibadilisha. Mitsubishi lile lina gia zinazojibadilisha, basi litakuwa gari la nyumba nzima. Mume akajibu kwamba sanduku lile la gia likiharibika matengenezo yake ni ghali mno, na vipuri vya gari lisiloundwa tena vitazidi kuadimika. Mke akasema fundi amemwonya juu ya Subaru zilizochezewa na vijana na kuongezwa nguvu, kwamba pistoni zake hupasuka. Mume akasema hata Mitsubishi huchezewa. Watoto nao wakagawanyika, mvulana kwa Subaru na wasichana wawili kwa Mitsubishi, na chakula cha usiku kikawa hakiliki kwa ubishi.

Mume alifika hata kuleta hadithi iliyopokewa na Ibn Hibban, ile inayotaja mambo manne yaliyo katika furaha ya mja: mke mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema, na kipando chenye raha. Mke akamwambia, "Kipando chenye raha, Bwana, hakikusemwa chenye mbio. Na mama yako wa Likoni, kwa magoti yale, ataingiaje katika kiti kilicho karibu na lami?" Tulicheka sote wawili. Lakini kicheko kile hakikumaliza neno.

Jumamosi moja mwenye Subaru alituruhusu kulijaribu, kijana wake akiwa nyuma. Tulitoka Nyali, tukapita Mtwapa, tukashika njia ya Malindi. Palipokuwa na mwanya mume akakanyaga mafuta. Anayelijua gari la tabo anajua: huvuta pumzi kidogo, kisha husukuma mgongo wako kitini kama mkono wa mtu. Mume alihisi furaha ambayo hakuwahi kuihisi tangu utotoni. Mke aliushika mkono wa mlango kwa vidole vyote vitano, akasema neno moja tu: "Punguza."

Mume akapunguza. Kufika Kikambala akasimamisha gari kando ya barabara, maana alimtazama mkewe akaona uso si uso. Kijana wa watu akashuka, akaenda kununua madafu.

Kakake mke alifariki katika njia ile ile miaka kumi na miwili nyuma, akiwa abiria katika gari la rafiki yake lililokuwa likikimbizwa usiku. Mume alilijua hilo. Alikuwa kaburini siku ya maziko. Asilolijua ni kwamba mkewe hajapita njia ile hata siku moja pasi na kuhesabu nguzo za stima mpaka mahali penyewe papite. Hakulijua kwa sababu hakuambiwa, na hakuambiwa kwa sababu hakuuliza.

Mke akasema, "Uliniuliza lipi. Hukuniuliza kama tununue. Nimechagua Mitsubishi kwa kuwa lile naweza kuliendesha mimi. Nikiwa nimeshika usukani mimi, hutakuwa umeushika wewe."

Twakiri kwamba maneno hayo yalimkata mume maini. Majuma matatu alibishana juu ya gia na pistoni, ilhali mkewe alikuwa akibishania uhai wake.

Lakini haki ya mume nayo isemwe, maana mke naye alikuwa na lake la kusikia. Tukiwa pale pale kando ya njia, mume alisema kwamba tangu babake afe, yeye akiwa na miaka ishirini na mmoja, amesomesha wadogo zake wanne. Kila alichopata kilikuwa na mwenyewe kabla hakijafika mkononi. Gari lile lilikuwa kitu cha kwanza alichotaka kununua kwa ajili ya nafsi yake. Mke akamuuliza, "Mbona hukuniambia?" Akajibu, "Nilichelea kuonekana nadai malipo ya wema." Mke alikuwa akiyaita matamanio yale utoto, mbele ya watoto, na hapo akamwomba mumewe radhi.

Baadaye tulikumbushana kisa cha Hudaybiya. Masahaba walipositasita kuchinja na kunyoa baada ya mkataba, Mtume (S.A.W.) aliingia kwa mkewe Ummu Salama (R.A.) akamweleza yaliyomsibu kwa watu wake. Bibi huyo akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na kunyolewa. Akafanya hivyo, na watu wakamfuata. Tulikuwa tumekisikia kisa hicho mara nyingi katika darsa, na kila mara tulikichukua kuwa dalili kwamba mume aweza kumshauri mkewe. Safari hii tuliona jambo jingine. Mtume (S.A.W.) hakumletea mkewe majibu mawili achague moja. Alimletea dhiki yake. Nasi tunasoma katika Suratul Baqara kwamba hata kumwachisha mtoto ziwa ni jambo la wazazi kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa la mtoto lina shura, gari la familia halikosi.

Tukarudisha Subaru la watu taratibu. Mke alisema wazi kwamba fungu lake la mirathi halitaingia katika gari la mbio, na mume akasema, "Ni mali yako, na sina kinyongo." Angeweza kwenda katika benki ya Kiislamu akajazia kwa murabaha, benki imnunulie kisha imuuzie kwa faida inayojulikana, pasi na riba. Njia ilikuwa halali na wazi. Alisali istikhara, akakaa majuma mawili, na katika majuma hayo Subaru likauzwa kwa mtu mwingine. Hatudai kwamba hakuumia. Tulinunua kwa fedha zake Toyota ya viti saba, yenye mlango wa kusukuma, na mama wa Likoni huingia humo bila kushikwa mkono. Fungu la mke liko mahali pake.

Lakini mke alisema kwamba mume hawezi kutoka mikono mitupu katika shauri lile. Juni 2023, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, alilipa yeye nauli za treni, tukaenda sote Naivasha kutazama Safari Rally. Tulisimama vumbini na watoto wetu, magari yakipita kama upepo wa kusi, katika njia iliyofungwa, wasipopita watoto wa watu wala abiria wa usiku. Mke hakushika kitu chochote. Alimtazama mumewe zaidi kuliko alivyoyatazama magari. Na kwa hikima ya Mola, nafasi nne za mwanzo mwaka ule zilichukuliwa zote na Toyota. Mvulana wetu akasema, "Baba, kumbe sisi tuna gari la washindi." Tulicheka mpaka machozi.

Mpaka leo, Subaru STI likipita Nyali kwa mngurumo wake, mume hugeuza shingo. Mke huona, wala hamcheki. Nasi tukifika karibu na mahali pale katika njia ya Malindi, mume hupunguza mwendo bila kuambiwa, tukamsomea marehemu Fatiha, kisha tukaendelea na safari.

Kwa wasomaji wetu wenye kukaribia kununua kitu kikubwa, tunalo neno hili tu. Kabla ya kumuuliza mwenzio lipi, mwambie unakitakia nini, nawe umuulize anaogopa nini. Mwenyezi Mungu atie baraka katika nyumba zetu na salama katika safari zetu. Amin.