Saa Tisa ya Nani?

Najua nimekuwa kimya, na najua niliwaahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata. Inakuja. Lakini wiki iliyopita kuna mwalimu aliniandikia akiomba ile programu yangu ndogo ya kuwatumia wazazi SMS, anataka kuitumia katika shule yake. Kabla sijampa, nimeona niungame hapa hadharani kosa nililolifanya nayo 2024. Mkicheka sawa, mimi mwenyewe sikucheka siku ile.

Tuanze na mahali. Naishi Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara ya kutoka Nairobi kwenda Namanga. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,117,840 katika kaunti nzima, na ukitembea Kitengela jioni utadhani wote wamekuja kununua sukuma wiki hapa! Upande mmoja kuna nyumba za kupanga, zimejaa wafanyakazi wa viwanda vya EPZ pale Athi River na watu wanaopanda matatu alfajiri kwenda Nairobi. Upande wa pili, ukielekea Kisaju na Isinya, mji unaachia nyanda na unaanza kuona maboma na ng'ombe. Shule anayosoma mpwa wangu iko katikati ya pande hizo mbili. Darasani mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani anakaa dawati moja na mtoto wa mfugaji.

Dada yangu hufanya kazi kwa zamu. Akiwa zamu ya usiku, mimi ndiye "mzazi au mlezi" anayetia sahihi kwenye daftari. Kwa hiyo mwaka ule mpwa wangu akiwa Gredi ya 4, mimi mtu wa kompyuta nilijikuta saa nne usiku nikijenga sanamu ya kutishia ndege kwa fimbo mbili na fulana kuukuu. Wazazi wa Kenya wanajua ninachosema...

Kwa walio nje, nieleze kidogo. Zamani kushiriki kwa mzazi katika shule kulikuwa pesa na jasho. Shule nyingi zilijengwa kwa harambee, mzazi akaleta mawe, mabati, na mchango. Mwaka 2003 serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani, na wazazi wengi wakaelewa kwamba kazi yao imeisha. Halafu ukaja mtaala wa umilisi, ule tuliozoea kuuita CBC, uliojaribiwa 2017 na kuanza nchi nzima 2019. Huu unamtaka mzazi mwenyewe. Ushiriki wa mzazi umeandikwa ndani yake kama nguzo, si ombi. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 tayari ilikuwa imesema kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ni mwanachama wa chama cha wazazi, na kila darasa liwe na mwakilishi.

Vizuri sana kwenye karatasi. Lakini mwite mzazi aje shuleni, utamwitaje?

Shule yetu ilikuwa na njia mbili: barua kwenye daftari la mtoto, kwa Kiingereza, na kundi la WhatsApp. Udhaifu wake ulionekana Aprili 2024, mvua kubwa ziliponyesha na Mto Athi ukafurika. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu tarehe 29. Usiku wa kuamkia siku hiyo likatoka tangazo kwamba ufunguzi umesogezwa mbele. Sisi wa WhatsApp tuliamka tukalisoma. Wengine walileta watoto langoni wakiwa wamelowa mpaka magotini, wakakuta kufuli. (Hatimaye shule zilifunguliwa Mei 13.)

Mwalimu wa darasa akaniuliza, "Wewe si ndiye wa kompyuta? Hawa wenye kabambe hatuwezi kuwafikia?"

Mtengeneza programu akiulizwa swali kama hilo huwa haulizi kitu kingine, anafungua kompyuta. Kwa wikendi mbili nilikuwa nimemaliza. Orodha ya wazazi na nambari zao (kila mmoja alitia sahihi kukubali, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si mchezo), kiolezo cha ujumbe chenye nafasi za siku na saa, na seva ya kutuma kwa wakati uliopangwa. Nilijisifu hasa kwa jambo moja. Seva ilikuwa Ulaya na ilihesabu saa za UTC, na nilikumbuka kuongeza 3 ili ziwe saa za Nairobi. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza, na mimi sikulifanya!

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa Julai: siku ya wazazi. Gredi ya 4 walikuwa wamepewa kazi ya kujifunza ufundi mmoja kutoka kwa mtu mzima wa nyumbani, kisha siku hiyo mtoto asimame na mtu wake mbele ya meza waeleze pamoja. Ilikuwa Ijumaa kuanzia saa tatu asubuhi. Mwalimu aliniandikia ujumbe kwenye faili, nikaunakili.

Wapenda ufundi, sikilizeni hapa. SMS moja hubeba herufi 160, mradi zote ziwe katika seti ya kawaida ya herufi za simu. Ikiingia herufi moja tu ya nje ya seti, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na SMS moja inabeba 70. Ujumbe wa mwalimu ulikuwa na herufi 150 hivi, lakini mfumo ukanihesabia SMS 3. Sikujua kwa nini. Fedha zilikuwa mchango wa chama, nikaanza kukata maneno. Nikakata "asubuhi". Nikakata "wapendwa wazazi". Nikakata maelezo ya lango lililo "ng'ambo ya uwanja". Ghafla, SMS 1! Nikafurahi, nikabonyeza.

Ujumbe uliokwenda ulikuwa huu:

MKUTANO WA WAZAZI NA MAONYESHO YA KAZI ZA WATOTO. IJUMAA SAA 9. TAFADHALI FIKA MAPEMA.

Mmeona? Mimi sikuona.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Mpwa wangu na dada yangu (aliomba ruhusa kazini) walionyesha jinsi ya kushona kifungo, na nusu ya akina baba pale hawakuwa wanajua. Nilitazama umati nikajipongeza kimoyomoyo. Niliona pia msichana mmoja amesimama na mwalimu badala ya mtu wa kwao. Nikafikiri ni yale yale, wazazi wengine hawajali. Naandika sentensi hiyo na naona aibu.

Saa sita tukamaliza. Nilibaki na wachache kukusanya viti. Ilipokaribia saa tisa kasorobo, akaingia langoni mama mzee wa Kimaasai, shuka safi, shanga za shughuli, vumbi mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nyuma yake wengine wawili watatu.

"Takwenya, Koko," nikamsalimu kwa Kimaa changu cha kubahatisha.

"Iko." Akautazama uwanja. "Mkutano uko wapi, kijana wangu?"

"Uliisha saa sita, Koko."

Akachomoa kabambe kutoka kwenye shuka, akanipa bila neno. Nikausoma ujumbe wangu mwenyewe. Ijumaa saa 9. Fika mapema. Na kweli alikuwa amefika mapema: zilibaki dakika kumi na tano.

"Kijana wa duka alinisomea," akasema. "Mtoto aliniambia ni asubuhi. Nikamwambia, wewe huwezi kujua kuliko shule. Simu ya shule imesema saa tisa."

Yule msichana alikuwa bado kwenye ukumbi. Alikuwa amekataa kazi yake iondolewe mezani. Ilikuwa mkanda wa shanga, ufundi aliofundishwa na huyu huyu bibi yake. Hakulia wala hakulaumu. Aliuchukua mkanda akamwekea Koko mkononi, akaanza kumweleza rangi moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa amejiandaa. Na Koko, aliyemfundisha yote hayo, akasikiliza mpaka mwisho kana kwamba anasikia mara ya kwanza. Mwalimu alikuwa ameanza kwenda nyumbani; akarudi akafungua kabati na kutoa kazi za watoto wengine. Familia 11 zilikuja alasiri ile. Mimi nilipanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa.

Usiku nilifungua msimbo. Programu ilichukua 09:00, ikaondoa sifuri na dakika, ikaandika "saa 9". Nani aliyeiambia kwamba 9 kwa Kiswahili ni 9? Mimi. Mimi niliyezaliwa katika nyumba ambayo jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likipanda kidogo ni saa moja. Tuko karibu na ikweta, mchana na usiku havibadiliki sana mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu saa kuanzia alfajiri ni jambo la akili kabisa. Waethiopia nao wanahesabu hivyo hivyo. Lakini nikikaa mbele ya kibodi, Kiswahili changu huwa tafsiri tu na saa inabaki ya Kizungu. Nilikumbuka tofauti ya saa 3 kati ya seva na Nairobi, nikasahau tofauti ya saa 6 kati ya kompyuta yangu na mdomo wa mama yangu. Wazazi wa mjini waliokoka kwa sababu wamezoea kuona 9 kwenye simu na kuwaza asubuhi, na waliulizana kwenye WhatsApp.

Na ile SMS 3? Ilikuwa ritifaa. Programu ya kuandikia ya mwalimu iligeuza ritifaa iliyonyooka ya "ng'ambo" kuwa ile iliyopinda, na ile iliyopinda haimo katika seti ya herufi za SMS. Kialama kimoja kilinifanya nikate neno "asubuhi". Neno hilo lingebaki, kijana wa duka angeshtuka akauliza: saa tisa asubuhi, yaani usiku wa manane?

Marekebisho, kwa mnaotaka kuyatumia:

1. Kabla ya kuhesabu herufi, geuza kila ritifaa na alama ya kunukuu iliyopinda iwe iliyonyooka. Kiswahili kina ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, hamtakwepa.

2. Saa: chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, tumia baki. Baki likiwa 0 andika 12. Saa 9 inakuwa 3, saa 14 inakuwa 8, saa 18 inakuwa 12. Andika kwa neno, "saa tatu", na lazima lifuatwe na asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Programu yangu sasa inakataa kutuma bila neno hilo.

3. Kabla ya kutuma, msomee kwa sauti mtu ambaye hakushiriki kuandika, kisha muulize atafika lini. Mimi humsomea mama wa kibanda cha mboga.

Lakini haya matatu hayakuniondolea kile alichosema Koko: wewe huwezi kujua kuliko shule. Mtoto alikuwa na habari sahihi. Aliifikisha nyumbani kwa wakati, bure, kwa lugha ya nyumbani. Kisha programu yangu ikaja na uzito wa shule nyuma yake ikamnyamazisha. Nilitengeneza kitu cha kuwaleta wazazi karibu na watoto, na kazi yake ya kwanza ikawa kumfanya bibi asimwamini mjukuu.

Kwa hiyo tuliongeza la nne, na hili lilitoka kwa mwalimu. SMS haitoi habari yote tena. Siku tatu kabla, watoto wanaambiwa darasani. Jioni yake mzazi anapata: "Muulize mtoto wako Ijumaa kuna nini shuleni, na saa ngapi." Siku moja kabla, SMS ya pili inathibitisha alichosema mtoto. Mtoto ndiye mjumbe na simu ni shahidi wake.

Muhula wa tatu, Oktoba, tulikuwa na siku nyingine ya wazazi, tena saa tatu asubuhi. Nilifika saa mbili na nusu kupanga viti. Koko alikuwa tayari amekaa chini ya mti na mjukuu wake.

Nikaona nijipime. "Koko, SMS ilifika vizuri safari hii?"

"Sijui," akasema. "Simu haina chaji tangu juzi. Mtoto aliniambia."

Basi, mwalimu uliyeniandikia, programu utaipata wikendi hii, bure, pamoja na yote manne. Kabla ya kuiwasha, nenda na orodha ya wazazi wako uulize nani humsomea nani. Wengine wenu, hifadhidata sehemu ya pili inakuja, safari hii kweli. Kwaherini kwa sasa.