Turbo Haisimamishi Gari

Wacha nianze na kitu kitakachofanya wasee wa Subaru wanikasirikie: gari lako si kali vile unadhani. Langu pia si kali. Nilijua hivyo kwa njia mbaya, Minneapolis, mwezi wa kwanza, saa tano usiku, nikimtoa dada yangu kazini. Dada, yaani binti ya mama mkubwa.

Kwa wale wapya hapa: nilikuja Minnesota kusoma, nikaacha, na siku hizi napakia mizigo kwa ghala na kutengeneza video za magari. Kitu cha kwanza kikubwa nilichonunua na pesa yangu ni WRX ya 2012. Injini ya lita 2.5, turbo, nguvu za farasi 265. Kwa kijana aliyelala miaka yote Umoja akisikia Subaru zikipasua usiku, hiyo ilikuwa ndoto imeegeshwa nje ya nyumba.

Mzee aliyeniuzia aliniambia, "Hizi tairi ni za kiangazi. Badilisha kabla theluji ianguke." Nikasema sawa. Nikaweka pesa ya tairi kando. Halafu mwezi wa kumi ukafika, nikachukua ile pesa nikanunua bomba la moshi la kelele. Mbona? Kwa sababu bomba linasikika kwa video. Tairi hazisikiki.

Na nilikuwa na hoja zangu kabisa. Hii ni Subaru, magurudumu yote manne yanavuta. Kwani theluji itanifanya nini?

Sasa, hiyo usiku. Ilikuwa -18. Barabara ilikuwa nyeusi, inang'aa kidogo tu, na mimi nikadhani ni maji. Dada alikuwa ametoka shifti ya saa kumi na mbili kwa nyumba ya wazee, macho mekundu, anataka kulala tu. Taa ya kwanza ikawa kijani, nikaondoka nayo fiti, gari likakamata. Nikamwambia, "Umeona?" Hakujibu.

Taa ya pili ikawa nyekundu. Nikakanyaga breki. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, na gari likaendelea tu, kama sahani imewekwa kwa meza yenye maji. Tulivuka taa nyekundu ubavu ukitangulia. Pikapu ikapita mbele yetu karibu sana, mpaka nikaona uso wa dereva. Tukaishia kwa rundo la theluji upande wa pili.

Hakuna aliyeumia. Dada hakupiga kelele. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Hilo bomba ulinunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akafungua mlango, akashuka, akasimama kando ya barabara kungoja teksi. Wasee, ilikuwa -18. Na bado aliona hiyo baridi ni afadhali kuliko gari langu.

Nilichokuwa sijaelewa ni hiki. Magurudumu manne kuvuta hukusaidia kuondoka. Kusimama ni hadithi nyingine. Hata Vitz ina breki kwa magurudumu yote manne. Kinachoshika barabara ni mpira, vipande vinne, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja chako. Na tairi za kiangazi, zile nyororo za gari la mbio, zikishuka chini ya nyuzi 7 mpira wake unaanza kuwa mgumu. Kwa -18 unaendesha juu ya plastiki. Kumbuka sijasema theluji, nimesema baridi. Hata barabara ikiwa kavu, zinateleza.

Tairi za baridi zina mpira unaobaki laini, na mikato midogo mingi inayouma theluji. Utazijua kwa alama ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani. Na unafunga zote nne. Usifunge mbili ati unaokoa pesa, kwa sababu mbele itashika na nyuma itakupita.

Mkumbuke 1997. Subaru Impreza ilishinda Rally ya Sweden kwa theluji na Kenneth Eriksson, halafu ikaja kwetu ikashinda Safari na Colin McRae. Gari moja, mwaka mmoja. Sisi tunapenda kusema "Subaru hupita popote." Lakini Sweden wanakimbia na tairi nyembamba zilizojaa misumari, na ukileta hizo kwa mawe ya Kenya hazitoboi. Ukienda popote, unabadilisha kiatu.

Basi majira yaliyofuata nilijiandaa kama mtu mwenye akili. Bomba niliuza. Nikanunua tairi nne za baridi na rimu za pili zilizotumika, ndio zile nzuri zisiliwe na chumvi. Betri mpya, kwa sababu baridi hula nguvu ya betri wakati ule ule oili imekuwa nzito na injini inataka nguvu zaidi. Maji ya rejeta ni nusu maji nusu dawa ya kuzuia kuganda. Maji ya kawaida yanaweza kupasua injini. Nimefungwa hita ya injini, nachomeka gari kwa umeme usiku kama simu. Ndiyo, majirani wote hufanya hivyo, si kichaa.

Upepo wa tairi nao hushuka, kama pisi moja kwa kila nyuzi 6 za baridi, kwa hivyo napima kila wiki. Tangi halishuki chini ya nusu. Kwa buti kuna sepeto, blanketi, mchanga, waya za kuchajia betri. Na ukikwama kwa theluji injini ikiwa inawaka, shuka kwanza utoe theluji kwa bomba la moshi. Ikizibwa, ile hewa ya sumu inaingia ndani na haina harufu. Unalala, basi.

Kwa turbo, siikanyagi mpaka oili ipate joto. Dakika kumi za kwanza naendesha kama nimembeba nyanya yangu na mayai.

Kisha nikaenda kwa uwanja mtupu wa kuegesha magari, theluji mpya, hakuna watu, hakuna nguzo. Kasi ndogo. Nikajifunza kuteleza makusudi: toa mguu kwa mafuta polepole, angalia unakotaka kwenda, mikono ifuate macho. Ukiangalia nguzo, utaigonga.

Na theluji ikiyeyuka, osha gari chini. Chumvi wanayomwaga barabarani hula chuma kimya kimya. Hii iwahusu nyinyi mlio nyumbani: Subaru nyingi za Nairobi zimetoka Japani, na kaskazini mwa Japani kuna theluji nyingi sana. Kabla ulipe, ingia chini ya gari na tochi. Rangi inayong'aa haikuambii kitu.

Sasa sababu ya kuandika haya. Kamera ya gari ilirekodi ule usiku. Mimi, kwa ujinga wangu, nilikata pale dada anauliza swali, nikaweka muziki, nikapandisha. Ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Wiki iliyopita kijana wa fomu tatu alinitumia yake: gari la babake, mvua, Thika Road usiku, anazunguka, mbogi ndani inacheka. Akaandika, "Nimekuiga, buda."

Niliiangalia mara tatu. Nilihesabu vichwa. Walikuwa watano.

Yangu nimeifuta. Najua itanipunguzia namba, na namba ndio kodi yangu ya nyumba. Huyo kijana nimemwandikia kwa simu, sitamtaja. Nimemweleza kilichokatwa kwa video. Hajanijibu bado.

Dada alikubali kupanda gari langu tena mwezi wa kumi na moja. Kabla aingie alizunguka gari lote, akainama, akashika tairi moja moja na mkono. Sikusema kitu. Nilingoja amalize.